2,147,483,647: Namba Tasa Inayozisubiri Kompyuta Mwaka 2038

Leo siasa tuziweke kando kidogo, tuongee namba. Nayo ni hii: 2,147,483,647. Yaani bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, laki nne na themanini na tatu elfu, mia sita arobaini na saba. Ndefu kweli!

Inapatikanaje? Andika 2 mara 31, zizidishe zote, kisha toa 1. Ni namba tasa, haigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Leonhard Euler, mwanahisabati mzaliwa wa Uswisi, alitangaza hivyo mwaka 1772. Kalkuleta hakuna, kompyuta hakuna!

Aliwezaje? Kwanza, ukitafuta kigawanyo huna haja ya kuvuka kipeuo chake cha pili, ambacho ni karibu 46,341. Pili, kigawanyo chake chochote kilicho tasa lazima kibakize 1 ukikigawa kwa 62. Kwa hiyo 3, 5, 7 na wenzao wameshatoka. Tasa ya kwanza ya kujaribu ni 311. Gawa: inabaki 35. Haya, nenda kwenye inayofuata, mpaka ziishe. Ni kazi ya subira, lakini inawezekana kwa mkono.

Sasa hii inatuhusu nini sisi? Jamani, inatuhusu sana. Kompyuta nyingi za zamani zilitunza namba kwa biti 32: moja ya alama ya hasi au chanya, 31 za kuhesabia. Mwisho wake ndiyo namba yetu hii. Na mifumo ya jamii ya Unix huhesabu saa kwa sekunde tangu 1 Januari 1970. Penye biti 32, nafasi inajaa Jumanne, 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi, saa za Afrika Mashariki. Sekunde inayofuata hesabu inaangukia kwenye hasi, mashine inadhani ni 13 Desemba 1901!

Msiseme bado mbali. Mkopo wa nyumba wa miaka 15 unaochukuliwa leo unamalizika baada ya siku hiyo, na programu inapaswa kuipiga tarehe hiyo sasa hivi. Tena namba hii imeshasumbua: Desemba 2014 YouTube walieleza kuwa Gangnam Style imewalazimu kuhamisha kihesabio chao kwenda biti 64.

Dawa ndiyo hiyo hiyo, biti 64, ambazo kwa sekunde zinatosha miaka kama bilioni 292. Simu na kompyuta mpya nyingi zimeshahamia huko. Mimi wasiwasi wangu ni mitambo ya zamani iliyofungwa miaka mingi, inafanya kazi kimya kimya na hakuna anayeikumbuka. Kama kazini kwenu ipo, muulizeni fundi mapema: inahesabu saa kwa biti ngapi?

Haya, uwanja ni wenu.