Dawa Nje ya Lango la Gereza

Machakos, mji wa Kenya, una gereza lake. Humo, hali ya mfungwa mwenye virusi vya Ukimwi, maradhi yaliyotangazwa nchini kuwa janga la taifa mwaka 1999, ilibadilika pale dawa zilipoanza kutolewa bila malipo katika hospitali za serikali mwaka 2006. Ndani, tabibu humhimiza azimeze. Nje, akishaachiliwa, pengine hana nauli wala jamaa wa kumlaki, na barua ya kumhamishia kliniki nyingine, ambayo kwa rai yangu yashinda nauli kwa thamani, huweza kukosekana, hasa mahakama inapomwachilia mahabusu ghafula, ilhali anayekatiza dawa huvipa virusi fursa ya kuzidi, hata kuwa sugu.