Magofu ya Kisiwa cha Ross na Kitabu Kilichoandikwa Kifungoni





Kila mwaka tunapofika kwenye somo la sarfu, yaani minyambuliko ya vitenzi vya Kiarabu, sisi walimu wa madrasa tunasikia lalamiko lile lile: "Ustadhi, kwa nini tuhifadhi yote haya na kitabu kipo?" Leo tumeona tulijibu swali hilo kwa kisa cha historia. Nacho kinaanzia kwenye jengo la mawe lililobomoka, katika kisiwa kidogo kilicho mbali sana na kwetu.

KISIWA CHENYEWE

Kisiwa hicho ni Ross, katika visiwa vya Andaman, upande wa Ghuba ya Bengal, nchini India. Ukubwa wake haufiki hata nusu kilomita ya mraba. Mwaka 1857 askari na raia wa Bara Hindi, Waislamu na Wahindu kwa pamoja, waliinuka kupinga utawala wa Waingereza. Walishindwa, na adhabu ikawa kubwa. Machi 1858 daktari James Pattison Walker alifika Andaman na wafungwa 200 kuanzisha koloni la wafungwa, na Ross ikawa makao makuu yake. Watu wa Bara Hindi wakakiita kifungo hicho Kala Pani, yaani Maji Meusi, kwa kuwa aliyevushwa bahari ile alihesabiwa kama aliyekwisha kufa.

Sisi wa Afrika Mashariki hatuwi wageni wa jambo hili. Mwaka 1899 Waingereza hao hao waliwakamata Kabalega wa Bunyoro na Mwanga wa Buganda, wakawapeleka Ushelisheli. Mwanga alifia huko mwaka 1903.

JENGO LA MAWE

Wafungwa ndio waliofyeka msitu wa Ross, wakajenga nyumba ya mkuu wa koloni, ukumbi wa starehe wa maofisa, duka la mikate na kanisa la mawe. Hilo kanisa la Kipresbiteri ndilo gofu ambalo wageni wengi hulipiga picha leo. Paa halipo. Kuta zimesimama, lakini mizizi ya miti ya jamii ya mtini imezishika kila upande. Hatulitaji kwa kukejeli ibada ya wenzetu, la hasha. Tunalitaja kwa sababu mgeni huonyeshwa uzuri wake, na ni nadra kuuliza: mawe haya yalibebwa na nani?

Wapo pia waliosahauliwa zaidi, nao ni wenyeji wa Andaman. Ardhi ilikuwa yao. Mei 1859 walipigana na koloni katika vita vya Aberdeen wakashindwa, kisha maradhi yaliyoletwa na wageni yakawamaliza, hata kabila za Andaman Kuu zikashuka kutoka maelfu ya watu hadi makumi. Mwislamu anayelilia dhulma iliyowapata Waislamu tu na kuinyamazia hii, hajafanya uadilifu.

Juni 1941 tetemeko kubwa liliharibu majengo ya Ross. Machi 1942 Wajapani wakaiteka Andaman, na Waingereza waliporudi mwaka 1945 hawakukifanya tena kisiwa kile makao makuu. Mwaka 2018 serikali ya India ilikibadilisha jina kikaitwa kwa heshima ya Netaji Subhas Chandra Bose.

WANAZUONI WALIOVUSHWA BAHARI

Miongoni mwa waliopelekwa Andaman walikuwemo maulamaa. Maulana Fazl-e-Haq Khairabadi, bingwa wa mantiki na mshairi wa Kiarabu, alihukumiwa mwaka 1859. Akiwa kule aliandika kwa Kiarabu habari za mapambano ya 1857 na masaibu ya wafungwa. Alifariki huko mwaka 1861, na kaburi lake liko huko huko.

Mwingine alikuwa Mufti Inayat Ahmad Kakorvi, ambaye kabla ya hapo alikuwa hakimu katika mahakama za Waingereza wenyewe. Huko Andaman hakuwa na maktaba yake. Alichokuwa nacho ni kile alichokihifadhi kifuani. Kwa hicho aliandika sira ya Mtume (swalla Llaahu alayhi wasallam), na akaandika Ilmus-Sigha, kitabu cha sarfu kwa lugha ya Kifarsi. Baadaye aliachiwa, akarudi kufundisha. Mwaka 1863 alikuwa safarini kwenda Hijja, meli ikazama karibu na Jeddah, naye akafa maji. Allaah amrehemu.

Kitabu chake hakikuzama. Mpaka leo Ilmus-Sigha kinasomeshwa katika madrasa zinazofuata mtaala wa Dars-e-Nizami, katika Bara Hindi na kwingineko.

JIBU LETU KWA VIJANA

Basi enyi vijana, hili ndilo jibu. Kitabu kipo leo, na simu ipo leo. Mufti Inayat naye vitabu alikuwa navyo, mpaka siku aliponyang'anywa kila kitu. Kilichobaki ni kile ambacho hakuna askari angeweza kukipekua. Kwa ajili hiyo tunawachosha kwa kuhifadhi.

Nanyi wazazi, mnapowaonyesha watoto magofu, ya Ross au yale ya jirani yenu, msiishie kwenye uzuri wa ukuta. Waulizeni: nani alijenga, kwa hiari au kwa mnyororo? Nani aliishi hapa kabla? Mtoto anayezoea kuuliza hivyo hatadanganywa kirahisi na jengo zuri.

Tunamuomba Allaah Subhaanahu wa Ta'ala awarehemu waliofia ugenini, na awajaalie watoto wetu elimu inayobaki.

Wabillaahi tawfiiq.