Mbwa Asiyepukutisha Manyoya: Je, Anafaa Nyumbani kwa Muislamu?

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Sahaba zake.

Tumeulizwa na familia moja ya Unguja. Binti yao ameolewa Moshi, na nyumba yao ipo juu ya mji, njia ya kuelekea Kibosho, katikati ya migomba na kahawa. Wameibiwa mara mbili usiku. Mume anataka kuweka mbwa, lakini mtoto wao ana pumu, na mama mzazi wa binti ameshasema kuwa hatalala wala hataswali katika nyumba yenye manyoya ya mbwa. Mtu akawashauri watafute mbwa wa aina isiyopukutisha manyoya, kwamba hapo tatizo litakuwa limekwisha. Je, ni kweli?

Jibu lina pande mbili: maumbile ya mnyama mwenyewe na hukumu ya sheria.

Maumbile yake

Hakuna mbwa mwenye manyoya asiyepukutisha kabisa. Zipo aina ambazo manyoya yake hukua muda mrefu kabla ya kuanguka, mfano wa nywele za kichwa cha mwanaadamu. Katika hizo ni Poodle, Bichon Frise, Maltese na Yorkshire Terrier. Manyoya yao hayajai sakafuni, lakini hayaachi kukua. Poodle huhitaji kukatwa kila baada ya wiki nne hadi sita na kuchanwa mara kwa mara, la sivyo yatasokotana. Katika masika ya Moshi, kuanzia Machi hadi Mei, manyoya ya namna hiyo hushika tope na kuficha kupe.

Ipo pia Basenji, aina yenye asili ya Kongo. Manyoya yake ni mafupi, hupukutika kidogo, na hujilamba kujisafisha kama paka. Ila anajulikana kwa kutobweka kama mbwa wengine, na mlinzi asiyebweka hafai sana kwa aliyeibiwa. Mbwa wa Kijerumani, anayependwa sana kwa ulinzi, ndiye anayepukutisha mno. Mbwa wetu wa kienyeji wana manyoya mafupi, lakini nao hupukutisha.

Kuhusu pumu, wengi hudhani manyoya ndiyo yanayodhuru. Kinachodhuru hasa ni protini zilizomo katika mate, katika magamba madogo ya ngozi na katika mkojo wa mbwa. Kila mbwa anazo, hata asiyepukutisha. Basi mzazi asiweke roho ya mtoto rehani kwa sifa ya muuzaji. Amuulize daktari kwanza.

Hukumu yake

Katika madhehebu ya Imam Shafi'i (R.A.), ambayo ndiyo tunayoyafuata wengi wetu visiwani, mbwa mzima ni najisi nzito, mate yake na manyoya yake. Imam Malik (R.A.) anamuona mbwa aliye hai kuwa ni twahara. Mahanafi wanaona mate ni najisi na manyoya ni twahara, na kauli hii ya manyoya ndiyo aliyoichagua Ibn Taymiyyah. Kwa hiyo tusimkemee jirani anayefuata kauli nyengine yenye dalili.

Kwa anayeshika kauli ya Mashafi, kinachohamisha najisi ni unyevu. Manyoya makavu yakigusa nguo kavu, yanakung'utwa tu na nguo haioshwi. Lakini yasibaki mwilini wala katika nguo wakati wa swala. Mbwa aliyerowa mvua akikugusa, au akilamba chombo, paoshwe mara saba, moja kati yake kwa udongo safi uliochanganywa na maji, kama ilivyothibiti katika hadithi ya Abu Hurayra (R.A.). Hapa utaona kwamba uchache wa manyoya unapunguza kazi ya kufagia, lakini haubadilishi hukumu. Mbwa anayepukutisha unyoya mmoja na anayepukutisha mia, mate yao ni yale yale.

Jambo kubwa zaidi ni sababu ya kumuweka. Mtume (S.A.W.) ameruhusu mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba, na ametutahadharisha kuwa anayemuweka bila ya haja hupungukiwa na ujira wa amali zake kila siku. Imam Nawawi (R.A.) ameeleza kuwa kauli iliyo sahihi zaidi ni kwamba kulinda nyumba kunaingia katika ruhusa hiyo kwa kiasi, kwa kuwa sababu ni moja. Nyumba iliyoibiwa mara mbili ina haja ya wazi. Lakini tazameni: aina nyingi zisizopukutisha ni mbwa wadogo wa kubembelezwa ndani. Anayemchagua kwa ajili ya manyoya tu anaweza kuikosa sababu yenyewe iliyomruhusu kumuweka.

Na kuchagua aina kwa kawaida ni kununua. Imethibiti katika hadithi katazo la thamani ya mbwa, na Mashafi hawajuzishi kumuuza. Mahanafi wanajuzisha. Lililo salama ni kupewa mbwa bure na kulipia chanjo, chakula na usafiri wake.

Ushauri wetu

Kwa familia hii tunaona mbwa wa kienyeji aliyefunzwa anatosha. Ajengewe banda karibu na geti, mbali na kisima na kamba ya nguo, awe na chombo chake, na asiingie ndani. Hapo manyoya hayatafika kwenye mswala wala kwenye kitanda cha mtoto. Apewe chakula, maji na kivuli, kwani katika hadithi mtu amesamehewa madhambi kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu.

Achanjwe kichaa cha mbwa na mtaalamu wa mifugo, na chanjo irudiwe kwa wakati. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Na wakirudi nyumbani kwa likizo, wasimvushe mbwa kwa boti bila ya chanjo na vibali. Pemba ilikwishaondokana na kichaa cha mbwa mwaka 2014 kwa kuchanja, kikarejea mwaka 2016 kwa kuletwa kutoka nje ya kisiwa, na hakikuondoka tena mpaka 2018.

Ama mama yetu, twahara anayoilinda ni haki yake na tunamuombea thawabu. Lakini mbwa aliye getini hainajisi nyumba, na kumtembelea mwana ni katika kuunga udugu. Binti amtengee chumba na mswala wake, amfungie mbwa kabla mama hajashuka garini, na mama naye asafiri akamuone mjukuu wake.

Na Allah (S.W.) ndiye Mjuzi zaidi.