Dagenham: Kiwanda cha London kinachotegemea wanunuzi wa ng'ambo

Kandokando ya Mto Thames, mashariki mwa London, kipo kiwanda kikubwa cha Ford ambacho hakiundi tena gari hata moja.

Dagenham hutengeneza injini za dizeli, na sehemu kubwa husafirishwa nje ya Uingereza. Nyingine hupelekwa Uturuki, ambako hufungwa katika magari ya mizigo aina ya Transit.

Hali haikuwa hivyo zamani. Kiwanda kilichofunguliwa mwaka 1931 kilikuja kuwa na gati lake, mtambo wake wa umeme na tanuru lake la kuyeyushia chuma. Katika miaka ya 1950 kiliajiri watu wapatao 40,000.

Kila kazi ilitegemea nyingine hapo hapo. Mwezi Juni 1968, wanawake 187 walioshona vitambaa vya viti waligoma kudai haki katika malipo, na uundaji wa magari ukasimama. Mgomo huo ulichangia kupatikana kwa sheria ya malipo sawa ya mwaka 1970.

Gari la mwisho, Fiesta, lilitoka tarehe 20 Februari 2002, baada ya karibu magari milioni 11. Ford ilikuwa na uwezo wa kuunda magari mengi barani Ulaya kuliko yaliyonunuliwa, na pauni yenye nguvu ilifanya bidhaa za Uingereza ziwe ghali nje.

Mwaka 2013 kampuni ilifunga pia kiwanda cha Transit cha Southampton. Dagenham ikapoteza mteja wa nyumbani.

Udhaifu wenyewe uko hapo. Injini haiuzwi dukani. Mnunuzi wake ni viwanda vingine vya kampuni hiyo hiyo, navyo viko nchi za mbali. Mkulima wa kahawa wa Kilimanjaro, ambaye bei yake huamuliwa na masoko asiyoyaona, angeutambua unyonge huo mara moja.

Tangu Januari 2021, baada ya Uingereza kujitoa katika Umoja wa Ulaya, bidhaa zake hulazimika kuthibitishwa asili yake ili zisitozwe ushuru huko.

Tishio kubwa zaidi ni dizeli yenyewe. Uingereza imekusudia kukomesha uuzaji wa magari mapya yanayotumia petroli au dizeli pekee ifikapo 2030, huku magari madogo ya mizigo yakipewa muda hadi 2035.

Ford ilipotangaza mwaka 2021 kuwa itatengeneza mitambo ya kuendeshea magari ya umeme nchini Uingereza, kazi hiyo ilipewa Halewood, karibu na Liverpool.