Samaki kibebe: Mawindo ya Zambezi yanayorudishwa majini

WAGENI wengi wanaozuru mbuga za wanyama barani Afrika huenda kuwatazama simba na ndovu. Lakini kando ya mto Zambezi, nchini Zambia, wapo wanaosafiri maelfu ya kilomita kumtafuta samaki mmoja, kumvua kwa ndoana, kumpima uzito, kisha kumrudisha majini akiwa hai.

Kwa jamii ambazo mvuvi hudamka alfajiri ili watoto wake wapate kitoweo jioni, desturi hiyo huonekana kama kichekesho. Hata hivyo, ndiyo tegemeo la kambi nyingi za kitalii zilizo ukingoni mwa mto huo.

Samaki mwenyewe ndiye anayeitwa kibebe na wavuvi wa Ziwa Tanganyika. Waingereza walimpa jina la chui milia kwa sababu ya mistari myeusi inayokwenda ubavuni mwake kutoka kichwani hadi mkiani. Wanasayansi nao humwita Hydrocynus vittatus, jina la kwanza likiwa na asili ya Kigiriki na maana ya mbwa wa majini. Jamaa zake wanapatikana pia katika Ziwa Turkana, hapa Kenya.

Kibebe hula samaki wenzake. Meno yake ni marefu na makali, na hata yanapong'oka, mengine huota mahali pake. Mnamo 2011, watafiti katika bwawa la Schroda, Afrika Kusini, walishuhudia samaki hawa wakiruka kutoka majini na kuwanasa mbayuwayu waliokuwa wakipita angani.

Mwenye uzito wa kilo tano huhesabiwa kuwa fahari ya safari nzima. Aliyeweka rekodi ya dunia alivuliwa mwaka wa 2001 katika Ziwa Kariba, akiwa na uzito wa kilo 16.1. Ziwa hilo lilitokana na bwawa lililojengwa kwenye mto huohuo na kuanza kujaa maji mwishoni mwa miaka ya 1950. Huko vibebe hunenepa kwa kula dagaa waliotolewa Ziwa Tanganyika na kupandikizwa Kariba katika miaka ya 1960.

Chini ya bwawa hilo, mto unapita Chirundu, unapokea maji ya mto Kafue, kisha unaingia katika Mbuga ya Kitaifa ya Lower Zambezi, iliyotangazwa mwaka wa 1983. Ng'ambo ya pili, upande wa Zimbabwe, iko mbuga ya Mana Pools, ambayo Unesco iliiorodhesha kuwa Urithi wa Dunia mnamo 1984. Mgeni hufika kambini kwa ndege ndogo kutoka Lusaka, au kwa gari na mashua kupitia Chirundu.

Siku ya uvuvi huanza mapema, kabla jua halijakuwa kali. Mgeni na mwongozaji wake hupanda mashua ya injini hadi juu ya mkondo, kisha injini huzimwa na mashua ikaachwa ielee na maji. Chambo huwa ni kipande cha mnofu wa samaki, au kijiko cha chuma kinachong'aa na kuzunguka majini mfano wa samaki mdogo. Adhuhuri watu hupumzika, na uvuvi hurejelewa alasiri hadi machweo.

Kati ya ndoana na mshipi hufungwa kipande cha waya wa chuma, kwani mshipi mtupu hukatwa na meno ya kibebe papo hapo. Hata hivyo, anayeponyoka ni mara nyingi kuliko anayenaswa. Kinywa chake ni mfupa mtupu, ndoana haipati pa kushika, naye akishaguswa huruka juu ya maji na kutikisa kichwa mpaka chuma kitoke.

Hapo ndipo thamani ya mwongozaji huonekana. Wahenga walisema mvuvi ndiye ajuaye pweza alipo. Mwongozaji hutambua mahali maji ya kasi yanapokutana na maji yaliyotulia, ambapo kibebe hujibanza akivizia mawindo. Anajua fungo za mchanga zilizohama tangu mafuriko yaliyopita, na mti uliozama usioonekana juu ya maji.

Zaidi ya hayo, maisha ya mgeni yamo mikononi mwake. Viboko hushinda majini mchana kutwa, na kiboko aliyezibiwa njia ya kukimbilia kwenye kina ni hatari kuliko simba. Mwongozaji huwapitia kwa mbali na kuwaachia nafasi hiyo. Mamba nao ni wengi, ndiyo sababu mgeni hukatazwa kuning'iniza mkono nje ya mashua au kunawa ukingoni. Ndovu wanaovuka kwenda visiwani hupishwa kwanza.

Samaki akishanaswa, kazi huwa ni ya haraka. Kambi nyingi hutaka ndoana iwe moja, tena isiyo na kijino cha kuizuia isichomoke. Samaki hushikwa kwa mikono iliyoloweshwa, hupimwa, hupigwa picha, kisha hushikiliwa majini akielekezewa mkondo hadi apate nguvu za kuogelea. Kibebe huchoka upesi, na akikawizwa nje ya maji anaweza kufa hata baada ya kuachiliwa.

Kuna sababu nzuri ya kumrudisha. Wengi wa vibebe wakubwa ni majike, na kadiri jike anavyokua ndivyo mayai yake yanavyozidi. Anayemuua jike mkubwa kwa ajili ya picha ya ukutani huwa ameua kizazi kizima pamoja naye.

Kwa sababu hiyohiyo, sheria ya Zambia hupiga marufuku uvuvi katika sehemu kubwa ya maji ya nchi hiyo kuanzia Desemba 1 hadi mwisho wa Februari, msimu wa mvua ambapo samaki wengi huzaana. Kambi nyingi nazo hufungwa wakati huo kwa kuwa barabara huharibika. Msimu unaosifiwa zaidi na wavuvi wa kibebe ni Septemba na Oktoba, joto linapopanda na kabla mvua hazijaanza.

Marufuku hiyo haiwaelemei watu wote sawasawa. Mgeni huahirisha likizo tu, ilhali mwanakijiji aishiye kando ya mto hupoteza kitoweo na kipato kwa miezi mitatu. Kumwambia ahifadhi samaki kwa ajili ya starehe ya mwingine ni kumtwika mzigo asioonja faida yake.

Ndiyo maana msafiri mwenye busara, kabla ya kulipia safari, huuliza zaidi ya bei na aina ya kitanda. Huuliza waongozaji wanatoka wapi, wanalipwa vipi, na vijiji jirani vinapata nini kutokana na mto wao. Kijana wa pale anayelipwa kumtafuta kibebe, akamwona akiachiliwa na bado akapeleka mshahara nyumbani, huwa na sababu ya kuulinda mto huo hata wageni wanapokuwa wameondoka.