TAKWIMU, AFYA NA UMMA: UTAFITI WA MADINI YA CHUMA KISIWANI PEMBA

Takwimu katika nchi zetu hazikuanza kama chombo cha wananchi. Dola ya kikoloni ilihesabu ilichokihitaji, na kwa Pemba ilihesabu kwanza frasila za karafuu, kwa sababu ushuru wa karafuu ndio uliokuwa uti wa mgongo wa mapato yake. Mtoto aliyekufa kwa homa upande wa Micheweni hakuwa na ushuru. Baada ya Mapinduzi ya 1964 matibabu yalitangazwa kuwa bila malipo, na tangu hapo swali la nani anaugua, wapi, na kwa sababu gani, likawa swali la siasa na si la madaktari peke yao.

Hata hivyo makada wetu wengi huikimbia hesabu. Wengine huikimbilia kupita kiasi na kupachika asilimia katika hotuba kama mpishi atiaye chumvi bila kuonja. Makundi yote mawili yana la kujifunza kutokana na jambo lililotokea Pemba kati ya 2002 na 2006.

Tuanze na hali halisi. Pemba inaijua safura. Tafiti zilizofanywa katika skuli za kisiwa hicho katika miaka ya 1990 zilionyesha kwamba minyoo ya safura ilikuwa imeenea mno miongoni mwa wanafunzi, na kwamba damu inayonyonywa na minyoo hiyo ilichangia sana upungufu wa madini ya chuma mwilini. Wakati huo huo mwongozo wa kimataifa wa 1998 ulielekeza kwamba pale ambapo asilimia 40 au zaidi ya watoto wadogo wana upungufu wa damu, watoto wote wa umri wa miezi 6 hadi 24 wapewe madini ya chuma. Mantiki yake ilionekana haina kasoro: damu imepungua, basi iongezwe. Lakini mantiki ya mezani si uthibitisho.

Mwaka 2000 Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri ilifunguliwa Wawi, Chake Chake, na utafiti mkubwa ukawezekana papo hapo kisiwani. Watoto 24,076 wa umri wa mwezi 1 hadi miezi 35 waliingizwa. Tukumbuke kwamba sensa ya 2002 ilihesabu Pemba nzima watu wapatao 362,000. Kwa bahati nasibu watoto waligawanywa katika mafungu matatu: 7,950 walipewa madini ya chuma na asidi ya foliki, 8,120 walipewa hivyo pamoja na zinki, na 8,006 walipewa kidonge kisicho na dawa. Mama hakujua mwanawe amepata kipi, wala mgawaji hakujua. Bahati nasibu hapa si mchezo. Laiti wagawaji wangeachiwa kuchagua, wangewapa dawa watoto waliodhoofika zaidi, na baadaye isingejulikana kama tofauti imeletwa na dawa au na udhaifu uliokuwepo tangu mwanzo.

Tarehe 19 Agosti 2003, kwa ushauri wa kamati ya uangalizi wa takwimu na usalama, mafungu mawili ya madini ya chuma yalisimamishwa. Matokeo yalichapishwa Januari 2006 katika jarida la The Lancet. Watoto waliopewa madini ya chuma walikuwa na uwezekano wa kufa au kulazwa hospitali kwa ugonjwa mkali uliozidi kwa asilimia 12 ule wa wenzao wasiopewa. Sehemu kubwa ya ziada hiyo ilihusiana na malaria.

Hapa ndipo msomaji asimame. Asilimia 12 haina maana kwamba watoto 12 katika kila 100 walidhurika. Tuchukue mfano wa ubaoni tu: kama katika watoto 1,000 wasiopewa dawa 50 hulazwa au hufa, basi kwa waliopewa idadi hiyo ingekuwa 56. Ziada ni watoto 6 katika 1,000. Anayetangaza asilimia peke yake bila kutaja ni asilimia ya nini anawatisha wananchi. Anayetaja wale 6 peke yao anaweza kuwalaza usingizi, kwani katika kisiwa kizima watoto hao ni wengi.

Pili, watafiti hawakutoa namba moja tu. Walieleza kwamba ziada ya kweli yaweza kuwa ndogo kama asilimia 2 au kubwa kama 23. Kwa vifo peke yake ziada ilikuwa asilimia 15, namba kubwa kuliko 12, na ndiyo ambayo mtu mwenye haraka angeikimbilia. Lakini mipaka yake ilianzia kupungua kwa asilimia 7 hadi kuongezeka kwa asilimia 41. Yaani kwa vifo peke yake ushahidi haukutosha kusema lolote kwa uhakika. Namba kubwa ndiyo iliyokuwa dhaifu zaidi!

Tatu, wastani huficha. Katika kundi dogo la watoto 2,413 waliochunguzwa damu, na ambao malaria yao ilikuwa ikipimwa na kutibiwa, wale waliokuwa kweli na upungufu wa chuma pamoja na upungufu wa damu walinufaika na dawa. Kwa hiyo kauli kwamba "vidonge vya damu vinaua" ni upotoshaji sawa na ile ya kwanza kwamba vinamfaa kila mtoto. Utafiti wa aina hiyo hiyo kusini mwa Nepali, mahali ambapo malaria haikuwa tatizo kama Pemba, haukuonyesha madhara hayo.

Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa tamko kwamba katika maeneo yenye malaria nyingi vidonge hivyo wasipewe watoto wote kwa jumla, bali wenye upungufu wa damu na walio katika hatari ya kukosa chuma, sambamba na kinga na tiba ya malaria. Zanzibar yenyewe ilianza kutumia dawa mseto mwaka 2003, ikafuatiwa na vyandarua na upuliziaji wa nyumba, na kufikia mwishoni mwa muongo ule maambukizi ya malaria yalikuwa yameteremka mno. Asilimia 12 ile ni ya Pemba ya 2002 na 2003, yenye mbu wake na dawa zake za wakati huo, na mwalimu anayeiandika ubaoni leo hana budi kuandika na mwaka wake.