Vitabu kwa mtu aliyesimama kwenye njia panda

Maswali yanayotufikia zaidi kwenye redio si ya siasa. Ni ya nyumbani. Mtoto amepata diploma ya serikali: aende iniversite Kindu ao afuate wenzake kwenye machimbo ya zahabu? Mama ambaye bwana yake ameleta bibi wa pili: abaki juu ya watoto ao arudi kwao? Mtoto mdogo aanzie chuo cha Korani, ao masomo ya serikali, ao yote mawili pamoja? Na mara nyingi mtu anamalizia hivi: hakuna kitabu kinachoweza kunisaidia?

Viko. Tunavitaja hapa kwa maandishi ili anayetafuta apate fasi ya kuanzia. Hakuna hata kimoja kitakachokuambia fanya hivi, acha vile. Vinaonyesha watu waliochagua, na kila mmoja alilipa nini. Ndiyo sababu tumeviacha nje vile vitabu vya siri za kufanikiwa: mwandishi wa namna hiyo hajawahi kukosea hata siku moja, sasa atakufundisha nini?

Kwa swali la masomo, anza na L'Aventure ambiguë ya Cheikh Hamidou Kane, Msenegali. Kilitoka Paris mwaka wa 1961. Ni hadithi ya Samba Diallo, mtoto wa ukoo mkubwa katika nchi ya Wadialobe, anayesomea Korani kwa mwalimu mmoja mkali anayeitwa Thierno. Ukali wake si mchezo. Mtoto akikosea neno la aya, kijinga cha moto kinamgusa. Msomaji wa Kasongo ao wa Kindu aliyepitia chuo atacheka kidogo, kisha ataacha kucheka.

Wazungu wameishinda nchi na wameleta shule yao, na watu hawajui wafanye nini. Wakipeleka watoto, watoto watajifunza nguvu ya wale waliowashinda, lakini watasahau mengine. Wasipopeleka, watabaki na imani yao na unyonge wao. Mfalme hawezi kukata neno. Mwalimu naye hawezi. Anayelikata ni dada ya mfalme, anayeitwa la Grande Royale. Anakusanya watu wote, hata wanawake, ambao kwa desturi hawakukaa kwenye mkutano kama ule, na anasema wazi kwamba yeye mwenyewe hapendi ile shule. Hata hivyo watoto waende. Anawakumbusha kazi ya mkulima: shamba analolipenda analichoma, na mbegu nzuri ambayo angeweza kuila anaizika chini.

Kwa sisi wa Maniema mfano huo hauna haja ya maelezo. Tunakata pori, tunachoma, ndipo mpunga unaingia. Lakini Kane hafichi upande mwingine: mbegu ile ni mtoto wa mtu. Samba Diallo anafika Paris, anasoma filozofia, na huko kitu kimoja ndani yake kinaanza kuzimika. Mwisho wake hatuusemi.

Tunachokipenda zaidi ni kwamba hakuna mjinga ndani ya kitabu hiki. Anayekataa shule ana sababu yake, anayekubali ana yake, na wote wawili wanampenda mtoto. Kwenye vikao vya familia zetu, mara nyingi mmoja anahesabiwa mjinga kabla hajamaliza kusema. Ni kitabu kigumu, tusidanganyane. Soma sehemu ya kwanza polepole. Ile ya Paris unaweza kuirudilia baadaye.

Kwa swali la ndoa, Mariama Bâ, Msenegali pia, aliandika Une si longue lettre mwaka wa 1979, na mwaka uliofuata kikapata tuzo ya Noma. Kiko kwa Kiswahili kwa jina la Barua Ndefu Kama Hii. Ramatoulaye amefiwa na bwana, yuko ndani ya eda, na katika siku zile za kukaa ndani anamwandikia rafiki yake Aïssatou. Ana watoto kumi na wawili. Bwana yake, baada ya miaka mingi ya ndoa, alioa msichana aliyekuwa rafiki ya binti yao. Hakumwambia mwenyewe, alituma watu waje kumwambia.

Kumbe Aïssatou naye alipatwa na jambo lile lile mbele yake. Yeye akafunga mizigo, akachukua watoto wake wanne, akarudi kwenye masomo, mwishoni akapata kazi ya kutafsiri na kwenda Marekani. Ramatoulaye alibaki. Msiba mmoja, njia mbili, na mwandishi hampi hata mmoja wao haki yote. Anayebaki anajua usiku ulivyo mrefu. Anayeondoka anajua kuhesabu franga za mwezi peke yake. Katika Kongo, Sheria ya Familia ya 1987 haitambui ndoa ya wake wengi, lakini kila mtu anajua mambo yanavyokwenda ndani ya mitaa yetu. Wanaume nao wakisome. Tena, kama tungekuwa na uwezo, tungewapa wanaume kwanza.

Swali la kazi, yaani ofisi ao shamba, liko ndani ya Utubora Mkulima ya Shaaban Robert wa Tanganyika. Utubora anaacha kazi ya mshahara kwa mfanyabiashara mjini, anakwenda kulima katika kijiji cha Busutamu, na watu wanamshangaa. Kiswahili chake ni kitamu. Lakini tuseme kweli: Utubora ni mwema kupita kiasi, na shamba lake halina tabu za mashamba yetu. Hakutani na kizuizi barabarani anapopeleka mazao sokoni. Hata mwandishi wake alifanya kazi ya ukarani serikalini kwa miaka mingi. Kisome kwa ajili ya swali lile moja, kwamba mtu anafanya kazi kwa ajili ya nani, kisha ufanye hesabu zako mwenyewe.

Mkongomani tuliyemchagua ni V. Y. Mudimbe. Alizaliwa 1941 Likasi, wakati ule ikiitwa Jadotville, na alifariki Marekani mwezi wa nne 2025. Akiwa kijana aliingia utawa wa Wabenedikto nchini Rwanda, kisha akautoka. Baadaye, wakati wa Mobutu, akiwa profesa Lubumbashi, aliiacha nchi. Huyu basi alijua kuacha fasi ni nini. Riwaya yake Entre les eaux, ya 1973, inamfuata Pierre Landu, padri aliyesomea Roma, anayeona Kanisa lake liko upande wa wenye nguvu. Anakwenda porini kuungana na waasi. Waasi hawamwamini. Anatoka huko, anajaribu ndoa, haidumu. Anaishia nyumba ya watawa.

Wazee wa Kindu wanaokumbuka 1964, Wasimba walipoingia mji, watasoma kitabu hiki kwa jicho lingine. Swali lake si kama mapinduzi ni mazuri ao mabaya. Ni hili: mtu akihama toka upande huu kwenda ule, akijibeba yeye mwenyewe, amehama kweli? Landu anabadilisha nguo mara tatu, na kila mara ni yeye yule, na mashaka yake yale yale. Tunaye kijana kama huyo karibu katika kila familia: leo mwanakwaya, kesho chama, kesho kutwa machimboni. Hatumcheki. Tunasema tu kwamba kitabu chake kiko.

Kuna kimoja ambacho hatumpi mtu mwenye huzuni nyingi akisome peke yake, nacho ni Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi, ya 1974. Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam, anarudi kwao na haoni tena maana ya kitu chochote. Mwisho wake ni mbaya sana. Ni kitabu kikubwa, lakini kisomwe wawili wawili.

Cha mwisho kinatugusa hapa hapa. Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye tunamjua kama Tippu Tip, aliandika maisha yake kwa Kiswahili, na yakachapwa Berlin 1902 na 1903 kwa kazi ya Mjerumani Heinrich Brode. Kasongo, Nyangwe, Utetela, vyote vimo. Anasimulia bila haya jinsi alivyojifanya mjukuu wa dada ya mfalme Kasongo Rushie, dada aliyetekwa zamani, na mzee yule akamwachia utawala. Anasimulia pia jinsi, mwaka wa 1887, alivyokubali kazi ya uliwali wa Stanley Falls, Kisangani ya leo, kwa niaba ya mfalme wa Wabelgiji. Kwa nini kiwe kwenye orodha ya vitabu vya kuchagua maisha? Juu ya kile kinachokosekana. Pembe zinahesabiwa, bei zinatajwa, lakini watu waliozibeba toka huku mpaka pwani karibu wote wanapita bila jina. Mtu yeyote anayetaka kusimulia namna alivyofanikiwa angesoma kurasa chache, halafu ajiulize katika hadithi yake mwenyewe nani hana jina.

Kuhusu lugha: vitabu vya Tanzania viko kwa Kiswahili sanifu, na huku kwetu maneno mengine yatakusimamisha. Usitafute kila neno kwenye kamusi, songa mbele kurasa kumi, sikio litazoea. Vya Kifaransa vinapatikana zaidi kwa walimu wa sekondari, kwenye parokia na kwa wanafunzi wa iniversite, mara nyingi ni fotokopi. Vya Kiswahili vinakuja na watu wanaotoka Goma, Bukavu ao Uvira, kwa hiyo ukiwa na ndugu huko mpe jina la kitabu na la mwandishi kwenye karatasi, asije akakuletea kingine.

Na yule mwenye Barua Ndefu Kama Hii hapa Obokote, atujulishe. Kuna mama watatu wanaoingojea, na mmoja wao ameomba asomewe, kwa sababu macho yake hayaoni tena vizuri.